Safari ya Jina la Raku

Mfinyanzi hulia gaeni, walisema wahenga. Maana yake ni kwamba mtu ambaye mikono yake huwapatia wengine vyombo vizima, yeye mwenyewe hula katika kipande cha chungu kilichovunjika. Methali hii yatuonyesha jinsi kazi ya ufinyanzi ilivyohesabiwa tangu zamani kuwa kazi ya watu wanyonge. Lakini alipata kutokea mfinyanzi mmoja ambaye mabakuli yake ya udongo, yasiyo na nakshi wala rangi za kuvutia, yalishindana na dhahabu ya mtawala mkuu, na hata leo, baada ya miaka zaidi ya 400, yanatunzwa kama vito. Mfinyanzi huyo aliitwa Chojiro, mkazi wa mji wa Kyoto katika nchi ya Japani. Ufinyanzi alioanzisha ndio uitwao raku.

Siku hizi neno hilo limeenea mbali. Katika vyuo vingi vya Ulaya na Marekani, mwanafunzi hufinyanga chombo juu ya gurudumu, akakichoma, akakitoa jokoni kingali chekundu kama kaa la moto, akakitumbukiza katika pipa lenye majani makavu, moshi ukatanda. Ukimwuliza afanya nini, atakujibu kwamba afanya raku. Lakini Chojiro hakufinyanga mabakuli yake kwa gurudumu, wala hakuyatumbukiza katika majani makavu. Basi, jina hili lilitokaje kwake hata likafika huku? Na je, kilichofika ni kitu kile kile, au ni jina tu? Hayo ndiyo maswali ya insha hii. Nayo si maswali ya vyungu peke yake, bali ni maswali ya namna watu wanavyorithi kazi ya wale waliowatangulia.

Katika karne ya 16 nchi ya Japani ilikuwa imechanwa na vita vya mabwana wakubwa waliogombea ardhi na madaraka. Mwisho wa vita hivyo alipanda mtu mmoja aliyeitwa Toyotomi Hideyoshi. Huyu hakuwa mwana wa bwana. Alizaliwa katika nyumba ya watu wa chini, akapanda kwa akili na ujasiri wake hata akaiweka nchi nzima chini ya amri yake kufikia mwaka wa 1590. Kama walivyo watu wengi waliotoka katika uhitaji, alipenda watu waone kwamba sasa ana mali. Alijengewa chumba cha kunywea chai ambacho kuta zake zilifunikwa dhahabu, nacho kiliweza kufunguliwa na kuchukuliwa kutoka mahali hata mahali.

Msomaji asistaajabu kusikia kwamba mtawala alijishughulisha na chai. Wajapani walikuwa na desturi ya kunywa chai ya unga wa kijani, ambayo huwekwa katika bakuli, ikamiminiwa maji ya moto, ikapigwapigwa kwa kichocheo cha mwanzi hata ikafanya povu. Unywaji huo ulikuja kutoka China pamoja na watawa wa madhehebu ya Zen, na kwa muda wa karne nyingi ukageuka kuwa ibada ya ukarimu yenye taratibu zake. Mwenyeji alichagua kila chombo kwa ajili ya mgeni wake, na mgeni naye alikitazama chombo kwa heshima. Vyombo vilivyosifiwa zaidi vilitoka ng'ambo, hasa China, na bei yake ilikuwa kubwa mno.

Mwalimu mkuu wa ibada hiyo katika zama za Hideyoshi alikuwa Sen no Rikyu, mtu wa ukoo wa wafanyabiashara wa mji wa Sakai, aliyezaliwa mwaka wa 1522. Yeye alifundisha kinyume cha dhahabu. Alipenda chumba kidogo chenye nafasi ya mikeka miwili tu, mlango mfupi ambao kila aingiaye hapana budi ainame, awe tajiri au awe mtumishi, na vyombo vya kawaida visivyojitangaza. Katika chumba cha namna hiyo bakuli la fahari kutoka ng'ambo lingekuwa kama mtu apigaye kelele katika nyumba ya sala. Rikyu alihitaji bakuli la aina nyingine, na hilo halikuwapo. Ilimbidi alitafutie mtu wa kulitengeneza.

Mtu huyo ndiye Chojiro. Yasemwa kwamba baba yake, Ameya, alikuwa mtu wa China aliyehamia Kyoto, akaleta ujuzi wa kuvika udongo ngozi ya kioo yenye rangi. Ngozi hiyo ni rojo la unga wa mawe ambalo hupakwa juu ya chombo, na likipata moto wa kutosha huyeyuka na kugeuka kioo. Kazi ya zamani kabisa ya Chojiro tunayoijua ni sanamu ya simba wa udongo, aliyoitengeneza mwaka wa 1574. Kwa hiyo hakuanza na chai. Alifanya kwanza mambo makubwa yenye makucha na manyoya, ndipo akaitwa kufanya jambo dogo na la kimya.

Alilifanya jinsi gani? Alichukua donge la udongo, akalibonyeza na kulipandisha kwa viganja na vidole mpaka likawa na umbo la mikono miwili iliyokingwa pamoja kupokea kitu. Kisha akalipunguza unene kwa kijisu. Gurudumu hakulitumia. Hili ni jambo la kutafakari, kwa maana gurudumu la mfinyanzi lilikuwa limejulikana Japani kwa zaidi ya miaka 1000 kabla ya wakati wake. Hakuliacha kwa ujinga. Aliliacha kwa makusudi. Gurudumu huleta mviringo ulio sawasawa na mistari ya kasi yake lenyewe. Kiganja huleta mviringo wa kiganja. Mgeni aliposhika bakuli hilo, mikono yake ilikutana na mikono ya aliyelifinyanga.

Namna ya kuchoma nayo ilikuwa ya pekee. Wafinyanzi wengi wa Japani walikuwa na majoko makubwa yenye kupanda mlimani, yakipakiwa vyombo vingi na kuchomwa kwa siku kadhaa. Chojiro na warithi wake walitumia joko dogo la ndani ya nyumba. Kwa mabakuli meusi, waliweka bakuli moja tu kwa wakati mmoja, wakalizungushia makaa, wakafukuta mivukuto mpaka moto ukafikia kadiri ya nyuzi 1200 za sentigredi. Kioo kilipoyeyuka, walilinyakua bakuli kwa koleo katikati ya moto na kuliacha lipoe mara moja. Kule kupoa ghafla ndiko kulikotia weusi wake, na mara nyingi alama ya koleo ilibaki ubavuni kama kovu. Ngozi ile nyeusi ilitokana na mawe ya mto Kamo, upitao katika mji wa Kyoto, yaliyosagwa. Mabakuli mekundu yalichomwa kwa moto mdogo zaidi, na wekundu wake ni wa udongo wenyewe unaoonekana chini ya kioo.

Udongo wa namna hii hubaki na vitundu vidogo vidogo, haukazi kama ule wa vyombo vya kaure. Kwa hiyo joto la chai hupita polepole. Chai hubaki na moto wake, nayo mikono ya mnywaji haiungui. Twaona basi kwamba hapakuwa na kitu cha urembo mtupu katika bakuli la Chojiro. Unene wake, ulaini wake, hata wepesi wake, vyote vilikuwa kwa ajili ya mtu mmoja atakayekunywa. Bakuli moja mashuhuri katika kazi zake laitwa Oguro, yaani Nyeusi Kubwa. Jingine jekundu laitwa Muichibutsu, maneno ya Zen yenye maana kwamba hakuna kitu hata kimoja.

Watu wa siku zile waliyaita mabakuli hayo vyombo vya sasa, kwa sababu hawakuwa wamepata kuona mfano wake. Jina la raku lilikuja baadaye. Hideyoshi alijijengea mjini Kyoto jumba la fahari lililoitwa Jurakudai, likamalizika mwaka wa 1587, na Rikyu alikuwa na makazi karibu nalo. Jina la raku limetoka katika jina la jumba hilo, na kwa Kijapani herufi yake ina maana ya raha au utulivu wa moyo. Mapokeo yasimulia kwamba Hideyoshi aliwapa watu wa nyumba ya Chojiro muhuri wenye herufi hiyo. Tangu hapo neno raku likawa jina la ukoo.

Lakini urafiki kati ya dhahabu na udongo haukudumu. Chojiro alifariki mwaka wa 1589. Mwaka wa 1591 Hideyoshi alimwamuru Rikyu ajiue. Mojawapo ya sababu zilizotolewa ni kwamba sanamu ya Rikyu ilikuwa imesimamishwa juu ya lango la hekalu la Daitokuji, ambalo wakubwa walipita chini yake. Mzee yule wa karibu miaka 70 akatii, akafa. Miaka minne baadaye, yaani mwaka wa 1595, jumba la Jurakudai lenyewe lilibomolewa kwa amri ya Hideyoshi yule yule aliyelijenga. Chumba cha dhahabu hakikubaki. Kilichobaki kati ya fahari hiyo yote ni herufi moja, nayo haikukaa juu ya marumaru wala shaba, bali chini ya kitako cha bakuli la udongo.

Ukoo wa Raku umeendelea mjini Kyoto mpaka leo. Mkuu wake wa kizazi cha 16 alipokea urithi mwaka wa 2019. Mtu angedhani kwamba vizazi 16 vimekaa vikiiga bakuli la kwanza, kama mwandishi anakilivyo kitabu. Sivyo. Katika nyumba hiyo ni desturi kwamba baba hamwachii mwanawe kanuni ya kuchanganya kioo chake. Mtoto hukua akiona moto, akishika udongo, akitazama kazi za wazee. Lakini hapana budi atafute mwenyewe njia ya kupata bakuli lake. Mkuu wa kizazi cha tatu, Donyu, aliyefariki mwaka wa 1656, alitengeneza mabakuli yenye kioo king'aavu kuliko cha Chojiro, wala hakuna aliyesema kwamba amevunja urithi. Urithi wenyewe ulikuwa ni wajibu wa kutafuta.

Sasa na tutazame jinsi jina hili lilivyovuka bahari. Mwaka wa 1909 alifika Japani kijana Mwingereza, Bernard Leach, aliyezaliwa Hong Kong mwaka wa 1887. Alikuwa mchoraji, si mfinyanzi. Mwaka wa 1911 alialikwa karamuni mjini Tokyo, na huko wageni walipewa vyombo vya udongo vilivyokwisha kuchomwa mara moja, wavitie nakshi kwa burudani. Vyombo vikavikwa kioo, vikatiwa katika joko dogo, na baada ya muda mfupi vikatolewa vikiwaka, vikapoa mbele ya macho ya waliovichora. Leach aliingiwa na hamu iliyobadili maisha yake. Akatafuta mwalimu, akajifunza, na mwaka wa 1920 akarudi Uingereza pamoja na mfinyanzi Hamada Shoji, wakaanzisha kiwanda cha ufinyanzi katika mji wa St Ives. Mwaka wa 1940 Leach alitoa kitabu chake kiitwacho A Potter's Book, ambamo alieleza pia namna ya kuchoma raku. Tangu hapo mfinyanzi wa nchi yoyote aliyejua Kiingereza aliweza kujaribu.

Angalia hapa jinsi urithi ulivyokwisha kugeuka. Leach hakuionja raku kwanza katika chumba cha mikeka miwili. Aliionja katika karamu. Hakuchukua bakuli jeusi la kimya. Alichukua mshangao wa kuona chombo kikitoka motoni upesi. Hakusema uongo, kwa maana mshangao huo ni sehemu ya raku. Lakini ni sehemu tu.

Hatua ya pili ilitokea Marekani. Mwaka wa 1960 Paul Soldner, mwalimu wa ufinyanzi katika jimbo la California, aliombwa aonyeshe kazi yake katika maonyesho ya sanaa za mikono. Akaamua kujaribu raku, na kiongozi wake kilikuwa kitabu cha Leach. Vyombo vya kwanza havikumpendeza. Ndipo akafikiri kwamba moshi ungesaidia, akakitia chombo kilichokuwa bado kikiwaka katika majani makavu ya mti uliokuwa karibu. Majani yakashika moto, moshi ukakifunika chombo, na kilipopoa kilikuwa na sura ambayo hakuna aliyeitazamia. Jambo hilo la kubahatisha likaenea haraka, na kwa watu wengi nje ya Japani likawa ndiyo maana ya raku.

Yafaa tueleze kinachotendeka katika moshi ule, maana si uchawi. Mfinyanzi huchanganya udongo wake na vigae vilivyosagwa, ili uweze kustahimili mabadiliko makali ya joto. Hata hivyo vyombo vingine hupasuka, kwa kuwa chembe za mchanga mweupe zilizomo katika udongo hubadili ukubwa wake ghafla zipitapo nyuzi 573. Mfinyanzi akiisha kuzungusha chombo chake juu ya gurudumu, hukikausha, hukichoma mara ya kwanza, hukivika kioo, kisha hukichoma tena upesi mpaka kadiri ya nyuzi 900 au 1000. Kinapotolewa kwa koleo na kufunikwa pamoja na majani au vumbi la mbao, moto uliomo ndani ya pipa hutafuta oksijeni na kuikosa. Basi huinyang'anya ile iliyomo katika kioo chenyewe. Kioo chenye kutu ya shaba, ambacho kingekuwa kijani, hugeuka kikang'aa kama shaba iliyosuguliwa. Udongo usiovikwa kioo hunywa masizi, ukawa mweusi. Na kwa kuwa kioo hujikunyata kuliko udongo kinapopoa, hupasuka nyufa nyembamba, moshi ukaingia ndani yake na kuchora nyavu nyeusi ambazo mkono wa mtu haungeweza kuzichora.

Uzuri huo una gharama yake. Chombo chenye nyufa na vitundu namna hiyo huvuja maji, na kioo chenye shaba nyingi hakifai kuwekewa chakula wala kinywaji. Kwa hiyo chombo kilichoitwa raku kwa sababu ya bakuli la kunywea, sasa mara nyingi hakiwezi kunywewa. Macho yamepata, midomo imekosa. Mwenye kuipenda kazi hii lazima akubali kwamba hayo mawili ni kweli kwa pamoja.

Je, basi, Soldner na wafuasi wake wamekosa kuitumia raku kama jina la kazi yao? Wapo wanaosema kwamba jina la ukoo si mali ya kila mtu, na kwamba gurudumu na moshi si raku hata kidogo. Hoja hiyo ina nguvu, wala haifai kudharauliwa. Kuchukua jina la watu na kusahau watu wenyewe ni namna ya dhuluma. Lakini tukimpima Soldner kwa desturi ya nyumba ya Raku yenyewe, twaona kwamba alitenda jambo moja ambalo Chojiro angelitambua. Alipoona kwamba kuiga hakumpi kitu, aliacha kuiga, akatazama moto, akatafuta. Aliyekosa kwa kweli si yeye. Aliyekosa ni yule afanyaye moshi kwa sababu kitabu kimesema moshi, akadhani kwamba hivyo ndivyo Wajapani walivyofanya tangu zamani.

Habari hii haiko mbali nasi kama tunavyodhani. Michael Cardew, mwanafunzi wa Leach kule St Ives, alikwenda Naijeria, na katika miaka ya 1950 akaongoza chuo cha ufinyanzi katika mji ulioitwa Abuja wakati huo, ambao sasa huitwa Suleja. Alipeleka gurudumu na majoko ya Kizungu. Lakini humo chuoni alikuwamo Ladi Kwali, mwanamke aliyejifunza kwao kufinyanga mitungi mikubwa kwa mkono bila gurudumu, na mitungi yake ikatukuzwa kuliko vyombo vingi vya gurudumu. Katika miaka ya 1970 alifika hapo msichana kutoka Kenya aliyekuwa akisoma Uingereza, Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi mwaka wa 1950. Vyombo vyake haviitwi raku, wala yeye hadai hivyo. Lakini alijua gurudumu, akachagua mkono. Na baadhi ya vyombo vyake, baada ya kuchomwa vikawa vyekundu, huchomwa tena katika moshi usio na hewa ya kutosha mpaka vikawa vyeusi. Leo vimo katika majumba makubwa ya makumbusho ya ulimwengu. Njia yake na ya Chojiro hazikukutana, ila zilipita katika chaguo lile lile.

Kwa hiyo, vijana wasomaji, msikiapo kwamba kazi fulani ya mikono ni ya kale, msiulize tu jinsi ilivyofanywa. Ulizeni ilifanywa kwa ajili ya nani na kwa nini. Jina huweza kusafiri peke yake, likafika mbali na maana yake. Anayelipokea ana deni mbili: ya kwanza, kusema kweli lilikotoka, ya pili, kuongeza jasho lake mwenyewe. Alipaye deni ya kwanza peke yake ni mtunza makaburi, na alipaye ya pili peke yake ni mnyang'anyi. Mwenye kulipa zote mbili ndiye mrithi, hata kama hakuzaliwa katika nyumba ile.

Udongo uuwahi ungali maji, walisema pia wahenga. Chojiro aliuwahi, akaupa umbo la viganja viwili. Mtawala aliyekuwa na chumba cha dhahabu amepita na jumba lake. Bakuli bado lipo, na anayelitazama chini yaweza kumjia fikira kwamba heshima ya kazi haitoki katika thamani ya kitu kilichofinyangwa, bali katika nia ya mikono iliyokifinyanga.